Hema jepesi kwenye upepo wa Ziwa Tanganyika: kulirekebisha na kulifunga lising'oke

Safari yangu ya kwanza na hema jepesi niliishia ufukweni karibu na Mtanga, kijiji kilicho kusini tu mwa Hifadhi ya Gombe. Jioni ile upepo ulikuwa unatoka ziwani, laini, wa kukausha jasho tu. Nikaelekeza kisogo cha hema ziwani na mlango mlimani, nikachomeka vigingi sita, nikaona kazi imekwisha. Mzee mmoja aliyekuwa anapanga taa zake za dagaa kwenye mtumbwi alinitazama, akasema, "Mwanangu, huo wa jioni ni mgeni. Mwenyeji anashuka usiku." Nikaitikia "Ndiyo, mzee," nisijue anasema nini.

Saa nane usiku mwenyeji akashuka. Alikuja kutoka bondeni nyuma ya kijiji, akaingilia mlangoni, akalijaza hema kama tanga la jahazi. Vigingi viwili vikachomoka mchangani kwa mpigo mmoja, ufito mmoja ukavunjika, na ncha yake ikachana kitambaa urefu wa kiganja. Usiku uliobaki nilikaa juu ya hema lisiende ziwani, nikasubiri kuche.

Hema hilohilo bado ninalo. Nimelala nalo mwambao huu wote na juu kwenye matuta ya Masito, na halijang'oka tena. Sikulibadilisha kwa hema zito. Nililifanyia marekebisho machache, nikajifunza upepo unatoka wapi na saa ngapi. Nataka uelewe jambo moja kabla hatujashika sindano: hema jepesi haliangushwi na wepesi wake, linaangushwa na ulegevu. Kitambaa kikilegea kinapigapiga. Kikipigapiga kinavuta kigingi mara mia kwa saa, kila mara kidogo, mpaka shimo linapanuka. Kigingi kikitoka, mzigo wote unahamia kwenye ufito. Karibu kila kazi iliyoelezwa hapa ni ya kuondoa ulegevu.

Hema ninalolizungumzia ni la mtu mmoja au wawili, uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, lenye fito mbili za alumini zinazopishana juu, chumba cha wavu ndani, na kava ya kuzuia mvua juu yake. Ndilo linalopatikana kwenye mitumba, na ndilo wageni wengi huliacha kwa waliowaongoza wanapomaliza safari.

Ujue upepo wa hapa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na limelala kama mtaro kati ya milima. Uso wa maji uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Gombe inasimama palepale ufukweni hadi mita 1,500 hivi. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa baridi ya ziwani inakuja kuziba nafasi. Ndiyo maana alasiri upepo unakupiga ukitokea magharibi. Usiku mambo yanageuka. Miteremko inapoa haraka, hewa iliyo juu yake inakuwa baridi na nzito, inateremka mabondeni kama maji kuelekea ziwani. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini-mashariki zinaongezeka juu ya huo wa mlimani, na hapo ndipo usiku unakuwa mkali.

Kwa hiyo wakati wa kiangazi, hema la ufukweni upande wetu wa Kigoma lifungwe kwa upepo wa saa nane usiku, sio wa saa kumi na mbili jioni. Kisogo cha hema, ule upande mfupi na mwembamba, kielekee bondeni. Mlango uelekee ziwani. Jioni utasumbuliwa kidogo na upepo wa mgeni. Vumilia, ukiingia usiku utatulia.

Msimu wa mvua ni habari nyingine. Wingu la radi linatupa upepo wa ghafla kabla tone la kwanza halijaanguka, nao unaweza kuja kutoka upande wowote. Usiku wa namna hiyo hakuna kisogo wala mlango, kamba zote zikazwe sawa pande zote.

Hesabu ndogo itakusaidia kuupa upepo heshima yake. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukuma kila mita moja ya mraba ya kitambaa kwa uzito wa kilo 5 au 6 hivi. Ukifika kilomita 72, zinakuwa kilo 22. Ubavu wa hema la mtu mmoja una mita za mraba mbili. Zidisha mwenyewe, kisha uvitazame vigingi vyako vyembamba kama penseli.

Kazi ya nyumbani, wiki moja kabla ya safari

Usianze marekebisho siku ya kuondoka, kwa sababu gundi inahitaji kukauka na fundi ana foleni.

Simamisha hema uani na ulitazame taratibu. Kwenye lebo utaona namba kama 20D au 30D. Hiyo ni hesabu ya uzi: mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 20 au 30. Ni uzi mwembamba sana, nao unadai sindano nyembamba na mkono mtulivu. Halafu ujue kitambaa kimepakwa nini cha kuzuia maji, silikoni au poliuretani, maana gundi ya hiki haishiki kwenye kile. Njia yangu ya kutambua ni hii: paka tone la silikoni kwenye kona iliyojificha, acha siku nzima, kisha kwangua kwa ukucha. Likiganda na kukataa kutoka, kitambaa ni cha silikoni. Likibanduka kama ganda la kidonda, upande huo umepakwa poliuretani, nawe utahitaji gundi ya aina hiyo.

*Kuongeza vitanzi vya kamba.* Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Kava nyingi za hema jepesi zina vitanzi chini kwenye pindo, na labda kimoja mbele na kimoja nyuma. Katikati ya ubavu, mahali ambapo upepo unasukuma hasa, hapana kitu. Hema likiwa limesimama, tafuta sehemu ambayo ufito unapita chini ya kava, sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini. Weka alama kwa chaki ya fundi. Fanya hivyo kwa fito zote mbili, pande zote, utapata alama nne.

Kwa kila alama kata viraka viwili vya duara, kipenyo cha sentimita 8, kutoka kwenye begi kuukuu la mgongoni. Kiwe duara kweli, kwa sababu kiraka cha pembe nne kinavutwa kwenye kona zake na hapo ndipo mpasuko huanzia. Kiraka kimoja kinakaa nje, kingine ndani, kava iko katikati yao. Kitanzi chenyewe ni mkanda wa begi wenye upana wa sentimita moja na nusu, kipande cha sentimita 10, kilichokunjwa katikati.

Mpelekee fundi cherehani. Soko la Mwanga mjini Kigoma lina mafundi wengi, ila chagua anayeshona mabegi au miavuli, sio wa vitambaa vya gauni. Mwambie mambo matatu. Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba unaoza kwa unyevu. Sindano iwe nyembamba, na mshono uwe wa milimita 3 hivi. Mishono iliyobanana sana inatoboa kitambaa kama stempu na siku ya upepo kinachanika kufuata mstari wa matundu. Na asitumie pini nje ya eneo la kiraka, kila tundu la pini litavuja. Kitambaa hiki kinateleza kama samaki, mguu wa cherehani haukishiki. Fundi wangu alipoona kinamkimbia aliweka kipande cha gazeti chini yake, akashona kitambaa pamoja na gazeti, kisha akalichana gazeti likatoka lenyewe kwenye mshono. Tangu siku hiyo sijaona njia bora zaidi.

Sasa kuna kitu ambacho wengi wanakisahau, na bila hicho kazi yote ni bure. Ndani ya kava, nyuma ya kila kitanzi, mwambie fundi ashone utepe wenye ncha mbili wa kufungia, urefu wa sentimita 12 kila ncha. Utepe huo utaufunga kwenye ufito. Usipokuwepo, kamba itavuta kitambaa kwenda nje huku ufito ukiendelea kupindapinda peke yake ndani, na utashangaa hema limevunjika ilhali kamba zilikaza. Utepe ukifungwa, kamba inashika ufito wenyewe, na ufito ulioshikwa katikati haupindi kirahisi.

Mishono yote mipya ipakwe gundi. Kwa kitambaa cha silikoni, silikoni safi isiyo na rangi wanayotumia mafundi wa vioo inafaa. Soma bomba lake: kama limeandikwa kwamba inaweza kupakwa rangi juu yake, hiyo imechanganywa, iache. Paka kwa kidole chembamba, safu nyembamba, pande zote mbili, kisha acha siku nzima mahali penye hewa. Ikikauka nyunyiza poda ya watoto kidogo, la sivyo kava itagandamana yenyewe ndani ya mfuko.

*Kamba.* Zilizokuja na hema mara nyingi ni fupi. Maduka ya zana za uvuvi mjini Kigoma yana kamba za kusuka za kila unene. Nunua ya milimita 2 hadi 2.5, mita 16. Chagua poliesta ikiwepo, kwa sababu nailoni inarefuka ikilowa, na kamba iliyorefuka ni ulegevu uleule tunaoukimbia. Manila ile ya plastiki ya kufungia mizigo iache dukani. Ni ngumu, inateleza, na fundo lake linajifungua lenyewe likitikiswa.

Kata vipande vya mita 2. Nieleze kwa nini mbili: kitanzi kikiwa sentimita 60 juu, kamba inatosha kufika mbali na kulala chini, na bado unabakiwa na ya kufungia fundo. Kamba inayolala chini inavuta hema kwa ubavu, kamba fupi iliyosimama inavuta kigingi kwenda juu, yaani inafanya kazi ya upepo. Choma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Kama kamba ni nyeusi au ya bluu, funga kipande cha kitambaa cheupe katikati yake, usiku watu wanajikwaa.

*Kamba za ndani.* Kama hema lako lina vitanzi vidogo ndani kwenye kona za juu, vile vya kutundikia taa au soksi, vitumie. Pitisha kamba nyembamba kutoka ufito mmoja hadi ule unaoutazama, kwa msalaba. Zikikazwa kiasi, fito zinashikana zenyewe na hema halipindi kuelekea upande mmoja. Inakula nafasi ya kukaa, kwa hiyo mimi huifunga usiku wa upepo tu.

*Vigingi.* Vile vya waya vilivyopindwa juu kama ndoano vinafaa kwa majani ya uwanja wa mpira. Vya alumini vyenye mbavu tatu ni bora sana, na kama unaweza kupata vinne tu, viweke upande wa upepo. Nimeona vijana wakitumia spoku za baiskeli. Ni nyepesi kweli, lakini zinageukageuka ardhini na kukata udongo kama kisu. Kipande cha nondo kinashika, ila vinane vya nondo ni mzigo kuliko hema lenyewe. Kwa mchanga nachonga vya mti mkavu mgumu, urefu wa sentimita 35, bapa upande mmoja. Vichonge nyumbani, kwani ndani ya hifadhi hukati mti.

*Mpira wa tyubu.* Pete zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita moja, zinaweza kufungwa kati ya kitanzi na kamba ili kupokea mshtuko. Watu wanazisifu. Maoni yangu: ziweke kwenye vitanzi vya pindo la chini tu, kamwe usiweke kwenye zile kamba nne kuu. Kamba kuu ikiwa na mpira, hema linapata ruhusa ya kucheza, na likicheza fito zinachoka.

*Bomba la akiba.* Chukua ufito wako hadi duka la vifaa vya ujenzi, tafuta bomba la alumini ambalo ufito unaingia bila kulegea. Kipande cha sentimita 12 kinatosha. Bomba la mwavuli mbovu nalo linafaa likilingana. Ufito ukivunjika porini unalisogeza bomba mpaka juu ya mpasuko, unafunga ncha zote mbili kwa plasta au utepe wa gundi, unaendelea na safari.

Pindo la kuziba uwazi wa chini ya kava wengine wanalishona kuzunguka hema lote. Mimi sikulishona. Joto letu linahitaji hewa ipite, na pumzi ya mtu ikikosa pa kutokea asubuhi unaamka umelowa kama umenyeshewa.

Kuchagua mahali

Hapa saa moja ya kutembea inaokoa usiku mzima. Usilale kwenye mdomo wa bonde, maana hapo ndipo hewa ya usiku inapobanwa na kuongeza kasi. Sogea mita mia moja au mia mbili pembeni, nyuma ya bega la mlima au nyuma ya vichaka vizito. Kichaka ni kinga bora kuliko jabali au ukuta. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kuanguka nyuma yake ukiwa na vurugu, ila kichaka kinauchuja tu. Kwenye tuta la Masito usiweke hema juu kileleni. Shuka kidogo upande wa kisogo cha upepo, yaani ule usiopigwa nao. Tazama juu pia, tawi kavu la mti wa miombo halihitaji upepo mwingi kuanguka. Mti uliosimama peke yake msimu wa radi uepuke kabisa.

Midomo ya mito ina mamba, na karibu na mto Malagarasi kuna viboko wanaotoka usiku kula majani. Njia zao zinaonekana, ni mifereji iliyosafishwa kutoka majini. Usizibe njia ya kiboko. Na popote penye watu, piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji au uulize wavuvi. Watakuonyesha mahali wanapolala wenyewe, na hao wanajua upepo wa pwani yao kuliko kitabu chochote. Usiku wa mbalamwezi, wakati dagaa hawavuliwi, utawakuta wamepumzika na wana muda wa kukueleza.

Kusimamisha hema upepo ukiwa tayari unavuma

Hatua ya 1. Ondoa mawe na miiba, kisha weka mkoba wako mahali pa hema. Usitoe hema kwenye mfuko kabla hujaamua kisogo kinaelekea wapi.

Hatua ya 2. Funga zipu zote. Hema lenye mlango wazi ni mfuko wa kukamatia upepo.

Hatua ya 3. Likunjue likiwa chini, upande wa upepo ukiwa miguuni pako, na upigilie vigingi viwili vya upande huo kwanza. Fito bado hazijaingia. Mpaka viwili hivyo vimeshika, usiliachie hata sekunde. Kama uko peke yako, likandamize kwa goti.

Hatua ya 4. Vuta upande wa pili mpaka sakafu inyooke bila kunyanzi, pigilia.

Hatua ya 5. Ingiza fito zote mbili kwenye njia zake hema likiwa bado limelala. Ndipo uzisimamishe, ukianza na ncha ya upande wa upepo. Mkoba uingie ndani mara moja uwe uzito.

Hatua ya 6. Tupa kava ukianzia upande wa upepo, ifunge kwenye kona zake, kisha ingiza mkono chini na ufunge tepe nne kwenye fito. Usiseme nitafunga baadaye.

Hatua ya 7. Kamba kuu nne. Anza na mbili za upande wa upepo, kisha zile za nyuma. Kila kamba ifuate mstari wa ufito wake, kama vile ufito umeendelea mpaka ardhini. Kigingi kiingie chote, kichwa kiegemee nje kidogo, kwenda mbali na hema. Kikisimama nusu nje ya udongo, kamba inakipindua.

Fundo linalofaa ni lile linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kukaa likivutwa. Zungusha ncha ya kamba kwenye kigingi, irudishe kuelekea hema. Izungushe mara mbili kwenye kamba kuu, ukielekea kigingini, ndani ya kitanzi kilichojitokeza. Kisha vuka mizunguko hiyo, toka nje ya kitanzi upande wa hema, izungushe mara moja zaidi, pitisha ncha chini ya mzunguko huo wa mwisho na kaza. Lijaribu nyumbani kwenye mguu wa kiti mpaka ulifunge macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu utalifunga gizani.

Hatua ya 8. Zunguka hema ukipiga kava kwa kiganja. Inapaswa kulia kama ngozi ya ngoma iliyopashwa moto. Panapolia pwapwa, pana ulegevu, rudi kwenye kamba ya upande huo.

Mchanga na mawe

Mchanga mkavu wa ufukweni haushiki kigingi cha kawaida. Chukua kiroba au mfuko wa salfeti, jaza mchanga nusu, funga mdomo, funga kamba ya hema kiunoni mwake. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, laza mfuko ndani kwa ubavu, kamba itoke kupitia mfereji mdogo ulioukata kuelekea hema, kisha fukia na ukanyage. Ukimwaga maji juu yake unashika zaidi. Kama huna mifuko, zika kigingi kirefu cha mti kikiwa kimelala kingamo, kamba imefungwa katikati yake. Uzito si jambo kubwa hapa, kinachozuia ni mchanga ulio mbele yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivi asubuhi nilishindwa kuvitoa kwa kuvuta, ikabidi nichimbe.

Kwenye mwamba, usizungushe kamba kwenye jiwe moja kubwa ukaamini. Funga kamba kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ngumi mbili, liweke chini, kisha egemeza jiwe zito mbele yake, upande wa hema, likikanyaga kamba. Jiwe dogo likitaka kuvutwa linagonga lile kubwa na kukwama. Kamba ikigusa kona kali ya jiwe, ivishe kipande cha tyubu, maana usiku mmoja wa kusuguana unaikata.

Usiku

Baada ya saa moja au mbili toka nje ukaze tena. Nailoni inapopata umande inarefuka, na hema lililokuwa ngoma jioni linakuwa shuka. Hii si dalili kwamba ulikosea, kila hema la nailoni linafanya hivyo. Fundo la kuteleza litakurahisishia, ni kusukuma tu. Taa, kisu na bomba la akiba vikae mahali unapovipata kwa kupapasa.

Upepo ukizidi mpaka fito zinalala na kuinuka, usishindane nao kwa kuzishika kwa mikono usiku kucha. Chomoa fito, acha vigingi, acha hema lilale juu yako kama blanketi. Kitambaa kilicholala chini hakina cha kupigwa, na kesho utakuwa na fito nzima. Hakikisha tu uso una nafasi ya hewa. Na hata baridi iweje, usiwashe jiko la mkaa wala la gesi ndani. Moshi usioonekana wa mkaa unaua mtu akiwa usingizini.

Asubuhi

Upepo wa mlimani hulegea jua likipanda, na wa ziwani unachelewa kuanza. Katikati yao kuna utulivu, huo ndio wakati wa kufungua. Ikiwa bado unavuma, geuza mpangilio: mkoba unabaki ndani mpaka mwisho, kava inatoka upande wa kisogo cha upepo kwanza, fito zinachomolewa, na vile vigingi viwili vya kwanza vya upande wa upepo ndivyo vinavyong'olewa mwisho.

Pangusa mchanga kwenye maungio ya fito kabla ya kuzikunja, mchanga unayakwangua mpaka yanalegea. Kagua viraka vinne. Uzi uliofumuka milimita chache unashonwa kwa mkono dakika tano, ukiachwa mpaka kambi inayofuata utachukua na kitambaa. Kava iliyolowa ifungwe nje ya mkoba ikauke njiani. Kisha hesabu vigingi vyote kabla ya kuondoka, na uchimbue vile ulivyozika. Saa chache zijazo kina mama na watoto watakuwa hapo miguu mitupu, wakianika dagaa.